Kupanga mazoezi ya kuchora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu hauelezi namna ya kuchora uso au mti. Unahusu kiasi tu: zoezi lipi lifanywe kwa muda gani, liachwe lini na lirudiwe lini. Wengi wanaokata tamaa hawashindwi na ugumu wa kuchora. Hukamia wiki ya kwanza, hung'ang'ania zoezi moja hadi linawachosha, kisha penseli inakaa kwenye droo.

Nifanye mazoezi kwa muda gani kwa siku?

Anayeanza anatoshwa na dakika 30 hadi 45, siku 5 kwa wiki. Ukiwa na dakika 15 tu, zitumie hizo hizo kila siku, usizilimbikize hadi Jumamosi ziwe kipindi kimoja kirefu. Kuchora ni kazi ya jicho na ya mkono, na mwendo wa mkono hutulia vizuri zaidi ukigawanywa katika siku nyingi.

Jambo hili limepimwa katika kazi nyingine za mikono. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha utafiti uliofanywa Uingereza kwa wafanyakazi wa posta waliokuwa wakijifunza kupiga taipu. Waliojifunza saa 1 kwa siku walihitaji jumla ya saa chache kuimudu kibodi kuliko waliojifunza saa 4 kwa siku. Cha ajabu, hao wa saa 1 ndio ambao hawakuridhika na ratiba yao, kwa sababu kwenye kalenda walichukua siku nyingi zaidi. Kwa hiyo ukihisi unakwenda pole mno, huenda unakwenda sawasawa.

Mwenye nafasi ya saa 2 azigawe: kipindi kimoja asubuhi, kingine jioni. Ndani ya kipindi, baada ya kila dakika 25 au 30 weka penseli chini, simama, tazama mbali kwa dakika 5.

Zoezi moja nilirudie hadi lini?

Hadi idadi uliyoipanga iishe, hata kama bado halijapendeza. Maswali mengine yote hapa yanarudi kwenye jibu hili.

Panga idadi kabla hujashika penseli, na uiandike kwenye pembe ya karatasi. Kwa anayeanza, viwango hivi vinafaa: mistari iliyonyooka, kurasa 2 za A4, duaradufu (duara lililobanwa), kurasa 2, michemraba, 5 kwa siku kwa siku 20, ngazi za kivuli (miraba inayotoka nyeupe hadi nyeusi), 2. Zikiisha, nenda zoezi linalofuata. Lile ulilomaliza linahamia kwenye orodha ya kupasha mkono, na utalikuta huko tena na tena.

Anayesema "sitaondoka kwenye mistari mpaka inyooke" hujifunga mwenyewe. Baada ya dakika 20 za kitu kilekile umakini hushuka, mkono ukaendelea peke yake bila jicho kukagua. Mistari inayochorwa hivyo haifundishi kitu kipya. Inakomaza kosa lililokuwepo. Isitoshe, jicho lako bado halijajua kutofautisha mstari mzuri na mbovu kwa undani. Utaupimaje ukamilifu ambao bado huuoni?

Kuna hali moja tu ya kurudia papo hapo: umegundua kwamba hukuyaelewa maelekezo. Hapo rudia ukurasa mmoja kwa njia sahihi, basi, songa mbele.

Si nitakuwa najenga juu ya msingi mbovu?

La, kwa sababu mazoezi yanabebana. Mchemraba mmoja ukichorwa kingo zake zote, pamoja na zile za nyuma zisizoonekana, una mistari 12. Michemraba 5 ni mistari 60. Hutaki kuiita zoezi la mistari, lakini ndivyo ilivyo, na safari hii kila mstari una sababu ya kwenda unakokwenda. Silinda nayo inakurudisha kwenye duaradufu.

Kupasha mkono kunachukua muda gani?

Dakika 10, zisizidi 15. Chagua mazoezi 2 kutoka orodha ya uliyomaliza, robo ukurasa hadi nusu ukurasa kila moja. Usichague unayoyapenda, maana ndiyo unayoyaweza. Andika majina ya mazoezi kwenye vikaratasi, vikunje, chomoa viwili bila kuangalia. Kurasa hizi zikiwa mbaya usijali. Kazi yake ni kulegeza bega na kuliamsha jicho.

Mazoezi ya msingi yanafanywaje, na yanaharibikia wapi?

Mistari: kwa rula, chora mistari 8 kwenye ukurasa: mitatu ya sentimita 5, mitatu ya sentimita 10, miwili inayoenda karibu na upana wote wa karatasi. Weka rula pembeni. Kila mstari upitie juu yake mara 8 kwa mkono mtupu. Kabla ya kila mpigo weka ncha ya kalamu kwenye mwanzo kabisa, pitisha mkono hewani mara mbili tatu bila kugusa karatasi, kisha piga kwa mwendo mmoja.

Soma kilichotokea. Mistari ikitawanyika upande wa mwisho tu, ni kawaida, itapungua. Ikitawanyika pande zote mbili, hukuweka ncha mahali pake: hilo si suala la ustadi, ni papara, na linaondoka siku hiyo hiyo ukiamua. Mstari unaotetemeka umepigwa polepole mno, jicho likiusahihisha kila nukta. Mstari unaopinda kama upinde umezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Usogeze mkono kutoka begani, na kama bado unapinda, lenga makusudi kidogo upande wa pili.

Duaradufu: gawa ukurasa kwa mistari iwe vijia vya upana wa sentimita 2 hadi 4. Jaza kila kijia duaradufu zinazogusa juu, chini na jirani yake. Kila moja izungushwe mara 2, isizidi mara 3. Ukizunguka mara 6 unaficha umbo sahihi ndani ya vurugu. Ncha zikitoka kali kama za yai lililobanwa, umepunguza mwendo kwenye kona. Zikitoka na pande bapa, ni kifundo tena. Zikiacha nafasi kati yake, umechora bila kuipitisha kalamu hewani kwanza.

Michemraba: anza na mistari 3 inayotoka kwenye nukta moja kama herufi Y, kisha ongeza mingine hadi itimie 12. Ukimaliza michemraba yote 5, na si kabla, chukua kalamu ya rangi nyingine na rula, urefushe kila kundi la mistari 4 kuelekea upande ulio mbali na mtazamaji. Mistari ya kundi moja inapaswa kukaribiana kadiri inavyokwenda mbali. Kosa la kawaida ni miwili kukaribiana huku mingine miwili ikiachana, na sababu yake huwa moja: ulilinganisha mstari na jirani yake mmoja badala ya kuangalia wote watatu waliobaki. Hatua ya kukagua ndiyo watu huiruka ili wawahi mchemraba unaofuata. Bila hiyo, michemraba 100 inakuwa kosa moja lililorudiwa mara 100.

Ngazi ya kivuli: miraba 5 ya sentimita 2 kwa 2, imepangwa mstarini. Acha wa kwanza mweupe, ujaze wa tano mweusi kadiri penseli inavyoweza, halafu wa tatu uwe katikati yao, mwisho wa pili na wa nne. Ukijaza kwa mpangilio wa 1 hadi 5, giza litakwisha kabla hujafika mwisho. Jaza kwa tabaka 3 nyepesi, kila moja kwa mwelekeo tofauti. Ukikandamiza tangu mwanzo karatasi inang'aa na haipokei tena risasi ya penseli. Finya macho uitazame: miraba miwili ikiungana kuwa mmoja, tofauti yake haitoshi. HB (penseli ya ugumu wa kati) peke yake haifiki giza la kutosha, hivyo tumia 4B (laini na nyeusi zaidi) kwa miraba miwili ya mwisho. Ngazi moja ichukue kama dakika 15. Ukimaliza kwa dakika 4, hukutazama.

Nichore haraka au polepole?

Fikiri polepole, piga kwa uhakika. Watu huchanganya mambo haya mawili. Kuamua mstari unaanzia wapi na kuishia wapi kunaweza kuchukua sekunde 10, na si kupoteza muda. Mpigo wenyewe uchukue sekunde moja hivi. Ukipiga kabla ya kuamua, utakuwa na mistari safi iliyo mahali pasipo pake. Ukiwa bado unaamua wakati mkono unatembea, utakuwa na mistari yenye manyoya, iliyoungwa kwa vipande vifupi vifupi.

Kasi ya mkono iwe ile ambayo mstari haukatiki wala hautetemeki, basi. Ukiona unakosa shabaha kila mara, ongeza muda wa kupitisha kalamu hewani, usipunguze mwendo wa mpigo.

Na michoro ya sekunde 30? Hiyo si papara?

Michoro ya haraka ya mkao wa mtu au mnyama ina kazi nyingine. Inakulazimisha utafute mwelekeo mmoja mkubwa wa mwili: mstari unaotoka kichwani hadi kwenye mguu uliobeba uzito. Vidole na macho havina nafasi humo.

Kipindi kizuri ni dakika 20: michoro 10 ya sekunde 30, michoro 5 ya dakika 1, na michoro 2 ya dakika 5. Tumia saa ya simu, na ikilia geuza ukurasa hata kama mchoro hauna kichwa. Anayeongeza "sekunde chache tu" anaharibu zoezi, kwa sababu akili itazoea kwamba muda hauishi na itaanza tena na pua. Kama michoro yako ya sekunde 30 yote imeishia shingoni, unaanza na mzunguko wa kichwa. Jaribu kuanza na uti wa mgongo.

Usiyafanye haya peke yake. Atakayechora kwa mwezi mzima kwa sekunde 30 tu huishia na mikono hodari ya kubahatisha. Kila wiki kuwe na kipindi cha mchoro mrefu, kitu kimoja kilichowekwa mezani, saa 2 hadi 3 zilizogawanywa katika vipindi 3: siku ya kwanza ukubwa na uwiano, ya pili kingo na maumbo, ya tatu vivuli. Weka alama ya mahali ulipoketi na usisogeze kitu wala taa.

Nifanye zoezi moja kwa siku au nichanganye?

Siku mbili tatu za mwanzo za zoezi jipya, lifanye peke yake hadi uelewe hatua zake. Baada ya hapo changanya, lakini usizidi mazoezi 3 kwa kipindi kimoja.

Kuchanganya kunaumiza kidogo, na matokeo ya siku hiyo huonekana mabaya zaidi. Watafiti John Shea na Robyn Morgan walionyesha jambo hili mwaka 1979 kwa mienendo ya mkono: waliofanya mienendo 3 kwa kuichanganya walikuwa wazito wakati wa mazoezi kuliko waliomaliza mmoja kabla ya kuanza mwingine, lakini walipopimwa baadaye walikumbuka vizuri zaidi. Ukichora mchemraba, kisha silinda, kisha mchemraba, kila mara unalazimika kuunda upya njia ya kulitatua tatizo. Ukichora michemraba 15 mfululizo, kuanzia wa nne unanakili tu wa tatu.

Mazoezi yanachosha. Naruhusiwa kuchora ninachotaka?

Unalazimika. Nusu ya muda wako wote iwe ya kuchora chochote bila lengo la kujifunza: paka, majengo ya kubuni, wahusika wa hadithi. Usisubiri uwe "tayari". Mazoezi yanakupa sehemu, kuchora kwa hiari ndiko kunakokufundisha kuziunganisha na kuvumilia mchoro mbaya. Anayenyimwa hilo huja kuwa fundi wa michemraba asiyejua achore nini akiachwa na karatasi tupu.

Kama ratiba ni dakika 40, hesabu ni rahisi: 10 za kupasha mkono, 10 za zoezi la sasa, 20 za hiari. Siku ambayo zoezi linahitaji 20, sehemu ya hiari iongezwe siku inayofuata.

Nipeni mfano wa wiki.

Jumatatu, mistari na michemraba 5. Jumanne, duaradufu kidogo, michemraba 5, kisha hiari. Jumatano ni michoro ya mikao, dakika 20, bila zoezi jingine. Alhamisi, michemraba 5 na ngazi moja ya kivuli. Ijumaa pumzika. Jumamosi, kipindi kimoja cha mchoro mrefu wa kitu, saa 1. Jumapili pumzika, au chora ukitaka, lakini usifidie siku uliyokosa.

Hilo la kutofidia lina uzito. Ukikosa michemraba 5 ya Jumanne, Alhamisi bado ni 5, si 10. Deni la mazoezi likianza kuhesabiwa hukua haraka kuliko mkono unavyoweza kulipa.

Penseli au kalamu ya wino?

Kwa mistari, duaradufu na michemraba, kalamu ya wino yenye ncha ya milimita 0.5, au bolpeni yoyote. Wino haufutiki, hivyo utafikiri kabla ya kupiga. Kwa kivuli na michoro mirefu, penseli: HB, 2B na 4B zinatosha. Kifutio kitumike kwenye mchoro mrefu tu. Ukikosea kwenye zoezi, usipite tena juu ya mstari kuurekebisha. Doa linavuta jicho na ukurasa unakuwa mgumu kukagua. Uache, nenda mstari unaofuata.

Karatasi ya kawaida ya printa, gramu 80, inafaa kwa mazoezi yote haya isipokuwa vivuli vizito. Karatasi ghali hufanya mtu aogope kuiharibu. Iinamishe kidogo juu ya ubao: karatasi kubwa ikilala bapa mezani, sehemu yake ya juu iko mbali na jicho, na mchoro hutoka umerefuka ukiuinua.

Natumia tableti. Kuna tofauti?

Kiasi ni kilekile. Zima kile kipengele cha programu kinachonyoosha mistari, kwa sababu kinafanya kazi unayopaswa kujifunza wewe. Usikuze picha hadi kila mstari uwe mfupi. Chora ukurasa mzima ukionekana. Kitufe cha kutendua kinaharibu mazoezi kuliko kifutio chochote: mtu hupiga mstari mara 12, akaubakiza wa bahati, akajisifu. Kama una karatasi, fanyia mazoezi ya msingi huko.

Niliacha kwa wiki tatu. Nianze upya?

Hapana. Siku 3 za kwanza fanya nusu ya kiasi cha kawaida, zote ziwe za kupasha mkono na kuchora kwa hiari. Siku ya nne rudi pale ulipoishia. Wanaorudi ukurasa wa kwanza kila wakiacha hujikuta wamechora mistari mara saba, na silinda hawajaigusa.

Mbona naona nimerudi nyuma?

Mara nyingi jicho limetangulia mkono. Umeanza kuona makosa yaliyokuwepo mwezi uliopita pia, ila hukuyaona. Toa kurasa za zamani uhakikishe. Kama kweli zilikuwa nzuri zaidi, kagua mambo matatu kwa mpangilio huu: umechoka, umeacha kupitisha kalamu hewani, au umeongeza kiasi ghafla. Punguza hadi nusu kwa wiki moja.

Mkono unauma baada ya kuchora. Niendelee?

Simama hapo hapo. Uchovu wa bega siku za mwanzo ni wa kawaida, maana linatumika kwa namna mpya. Maumivu ya kidole gumba au ya kifundo, ganzi, au kuwashwa kwenye vidole ni jambo tofauti: unabana penseli au unaikandamiza. Ishike mbali na ncha, sentimita 4 hadi 5, na uangalie nyuma ya karatasi. Ukihisi mikwaruzo kwa kidole, unakandamiza. Yasipokwisha baada ya siku chache za kupumzika, muone daktari.

Nina miaka thelathini na ushee. Nimechelewa?

Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, na alianza kwa kunakili michoro ya mafunzo, mmoja baada ya mwingine. Mtu mzima ana muda mfupi kuliko mtoto lakini hufuata ratiba vizuri zaidi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10, kwa upande mwingine, dakika 10 za zoezi ni nyingi. Mwache achore tu.

Nitajuaje kwamba naendelea?

Andika tarehe kwenye kila ukurasa, hata mbaya. Chagua kitu kimoja cha nyumbani kisichobadilika, kikombe chenye mkono kwa mfano, ukichore tarehe 1 ya kila mwezi kwa dakika 30, mahali palepale, kwa mwanga uleule. Usitazame mchoro wa mwezi uliopita kabla ya kumaliza wa sasa. Kisha ipange michoro hiyo miwili pamoja na uitazame kwenye kioo. Picha ikigeuzwa, kasoro ya mdomo wa kikombe uliolala upande huonekana mara moja. Andika chini yake kosa moja tu, lile kubwa kuliko yote. Hilo ndilo litakalochagua zoezi lako la mwezi unaofuata.